Namna ya kutengeneza kanoli za Sicily zisizolegea, pamoja na jamaa zake wa mikoa mingine ya Italia

Maswali yanayonifikia kuhusu kanoli ni yale yale kila mara: kwa nini ganda limelainika kabla wageni hawajafika, kwa nini rikota, ile jibini laini ya kujazia, inachuruzika, kwa nini kinyunya kilijikunjua ndani ya mafuta, na je, mtu asiyetumia mvinyo wala mafuta ya nguruwe anaweza kuzipika? Nimekuwa nikiyajibu moja moja hapa Malindi, mji ambao Waitaliano wameishi kwa miongo mingi na ambao vitafunio vyao si vigeni kwa wenyeji, na sasa nimeona ni afadhali kuyaweka yote mahali pamoja. Utakapofika mwisho utagundua kwamba karibu kila jibu linarudi kwenye kitu kimoja, nacho ni maji, yaani maji yaliyobaki ndani ya jibini, maji yanayonyonywa na ganda, na unyevu wa hewa unaoingia hata usipoualika.

Kanoli ni ganda la unga wa ngano lililokaangwa likiwa limezungushiwa mrija, kisha likajazwa rikota ya maziwa ya kondoo iliyotiwa sukari. Jina lake limetokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya tete, kwa sababu zamani kinyunya kilizungushwa kwenye vipande vya matete yaliyokatwa kandokando ya mito. Waitaliano huita moja cannolo na nyingi cannoli, lakini sisi kwa Kiswahili tunaweza kusema kanoli moja au kanoli kumi bila kujisumbua. Kilikuwa kitafunio cha sherehe za Karnivali, kipindi cha kabla ya mfungo wa Kwaresima, na hilo lina sababu ya kimalisho: majira hayo ya baridi kuelekea machipuko ndiyo kondoo wa Sicily wanapokula majani mabichi na kutoa maziwa mengi, kwa hiyo rikota huwa tele na nzuri. Sukari nayo inakumbusha utawala wa Waarabu, walioanza kukiteka kisiwa hicho mwaka 827 na kuleta kilimo cha miwa. Sukari yetu na zucchero ya Waitaliano ni neno moja la Kiarabu lililosafiri kwa njia mbili. Hadithi inayosimuliwa sana kwamba kanoli zilibuniwa na wake wa amiri mmoja katika mji wa Caltanissetta ni tamu kuisikia, ila mimi siitegemei.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

Kwa maganda 16 ya ukubwa wa wastani:
- unga wa ngano mweupe gramu 250, na mwingine kidogo wa kunyunyizia kibao
- sukari gramu 30
- samli au siagi gramu 30
- kakao kijiko kimoja cha chai, mdalasini wa unga nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo
- siki kijiko kimoja cha chakula
- kimiminika mililita 70 hadi 80
- ute mweupe wa yai moja, kwa ajili ya kugandishia ncha
- mafuta ya alizeti ya kukaangia, lita moja na nusu au zaidi

Kwa mjazo:
- rikota kilo 1
- sukari laini gramu 250
- chokoleti chungu gramu 100, iliyokatwakatwa
- maganda ya chungwa yaliyopikwa kwa shira, au kokwa za pistachio zilizopondwa, kwa ajili ya kupamba
- sukari ya unga ya kunyunyizia juu

Kimiminika cha asili ni mvinyo wa Marsala, unaotengenezwa magharibi mwa Sicily, na mafuta ya asili ni ya nguruwe. Asiyetumia vitu hivyo asijione kwamba anapika kitu cha bandia. Samli inafanya kazi ya mafuta vizuri kabisa, na mahali pa mvinyo tia maji ya zabibu yasiyochacha ukiongeza kijiko kimoja zaidi cha siki. Kinachotakiwa hapo ni uchachu, kwa kuwa uchachu ndio unaokilegeza kinyunya kikubali kusukumwa chembamba, na ndio unaosaidia ganda kutokeza yale malengelenge madogo ambayo kwayo Msicilia huitambua kanoli iliyofanywa sawasawa.

Vyombo: kibao na kifimbo cha kusukumia chapati, karai lenye kina, mirija ya chuma yenye upana wa sentimita 2 hadi 2.5 na urefu wa sentimita 12 hivi, koleo, chekeche lenye matundu madogo, kitambaa safi kama kile cha kuchujia tui, na mfuko wa kupambia keki. Kipimajoto ni msaada mkubwa. Usipopata mirija, kunja karatasi ya alumini tabaka nyingi mpaka iwe ngumu, uifanye bomba. Usitumie bomba la plastiki la aina yoyote, na usitumie kipande cha mwanzi mbichi kilichoziba kwa pingili ncha zote mbili, kwa sababu unyevu uliomo ndani hugeuka mvuke na unaweza kukipasua ndani ya mafuta ya moto.

Kuhusu rikota yenyewe

Rikota maana yake ni iliyopikwa tena. Mchungaji akishatoa jibini, huyachemsha upya yale maji yanayobaki, na kilichoganda juu yake huokotwa kwa kijiko chenye matundu na kuwekwa kwenye vikapu vidogo vijichuje. Ya kondoo ina mafuta mengi na ladha yenye ukali wa mbali. Ya ng'ombe ni laini, nyeupe, na ina maji zaidi. Madukani kwetu utapata zaidi ya ng'ombe, nayo inafaa ilimradi uichuje kwa subira.

Ukikosa kabisa, pasha lita 5 za maziwa halisi yenye malai yake pamoja na chumvi kidogo hadi karibu nyuzi 90, epua, tia siki au maji ya limau mililita 150 huku ukikoroga mara mbili tatu tu, kisha acha dakika 20 bila kuyagusa. Utapata karibu kilo moja, pengine pungufu. Kwa kanuni kali za Kiitaliano hiyo si rikota, kwa kuwa imetokana na maziwa yenyewe, lakini ndani ya ganda wachache wataitofautisha. Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi nje ya friji yaepuke, kwa maana moto mkali yaliopitishwa huyafanya yagande kwa ulegevu.

Siku ya kwanza

1. Tandika kitambaa juu ya chekeche, weka chekeche juu ya bakuli, mimina rikota na kuifunika, kisha iache kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utakuta maji ya rangi ya kijanikijani bakulini, wakati mwingine kikombe kizima. Rikota iliyo tayari hushikamana ukiibonyeza kwa kidole, na kidole hutoka kikavu. Kikitoka kimelowa, badilisha kitambaa na uongeze saa nyingine kadhaa. Hatua hii haina njia ya mkato, na ndiyo ambayo wanaoanza huiruka.

2. Changanya unga, sukari, kakao, mdalasini na chumvi. Fikicha samli kwenye unga kwa vidole mpaka usiione tena, tia siki, kisha tia kimiminika kidogokidogo. Kinyunya kinatakiwa kiwe kigumu kuliko cha chapati; mara ya kwanza utadhani umekosea, na utashawishika kuongeza maji. Usiongeze. Kanda dakika 10, kitalainika chenyewe.

3. Kifunge kwenye nailoni na ukipumzishe saa moja kwa uchache, au kiweke kwenye friji hadi kesho. Kinyunya kisichopumzika hujirudi kila unapokisukuma, nawe utachoka kabla hakijawa chembamba.

Siku ya pili

4. Changanya rikota iliyochujika na sukari kwa mwiko, funika, na urudishe kwenye friji kwa saa moja. Sukari itavuta maji mengine kidogo na mchanganyiko utalegea. Hilo ni kawaida.

5. Pitisha mchanganyiko kwenye chekeche kwa kuusukuma na mgongo wa kijiko, mara mbili ukiweza. Mjazo utageuka kutoka chembechembe na kuwa laini kama malai mazito. Tafadhali usitumie blenda wala mashine ya kupigia keki, kwani visu huivunja rikota mpaka inakuwa uji, na ikishakuwa uji hairudi tena.

6. Tia chokoleti, koroga taratibu, na uweke mjazo kwenye friji hadi dakika ya kujaza.

7. Gawa kinyunya mara nne, na ufanye kazi na sehemu moja huku nyingine zikiwa zimefunikwa. Sukuma hadi unene wa milimita moja na nusu, pungufu ukiweza. Weka mkono wako chini yake, na kivuli cha vidole kikianza kuonekana umefika. Kata miduara ya sentimita 10 kwa kikombe au kifuniko cha chupa pana, kisha sukuma kila duara mara moja upande mmoja liwe na umbo la yai.

8. Weka mrija katikati, kwa urefu wa umbo hilo. Kunja upande mmoja juu ya mrija, paka ute wa yai kwenye ukingo, kunja upande wa pili juu yake na ubonyeze. Hapa pana jambo dogo linaloharibu kazi nyingi: ute ukidondokea kwenye chuma, ganda litashika na halitatoka mpaka livunjike. Paka tone kwa ncha ya kidole, mahali ambapo unga unagusana na unga tu. Usizungushe kwa kubana sana, maana mafuta yanatakiwa yapite pia ndani, kati ya kinyunya na mrija.

9. Pasha mafuta hadi nyuzi 175 au 180. Bila kipimajoto, tumbukiza kipande cha kinyunya. Kikizama, kikapanda mara moja na kuzungukwa na mapovu bila kuungua, mafuta yako tayari. Mafuta yawe mapya, kwa kuwa yale yaliyokaangia samaki yatakusema mbele ya wageni.

10. Kaanga matatu kwa pamoja, yasizidi, kwa sekunde 60 hadi 90, ukiyageuza kwa koleo. Malengelenge yatatokea ndani ya sekunde chache za mwanzo. Epua yakiwa na rangi ya kahawia iliyokolea kiasi, na kumbuka kwamba kakao huyatia weusi tangu mwanzo, hivyo usidanganyike ukayatoa mapema. Yainamishe yamwage mafuta yaliyobaki ndani ya mrija. Mafuta hayo yamewaunguza wengi.

11. Yakipoa kiasi cha kushikika, shika mrija kwa kitambaa, zungusha ganda kidogo, kisha livute. Subiri mrija upoe kabisa kabla ya kuzungushia kinyunya kingine, kwa maana chuma cha moto huyeyusha samli iliyo kwenye kinyunya nacho huteleza.

12. Jaza wakati wa kula. Tumia mfuko wa kupambia, jaza nusu kutoka upande mmoja na nusu kutoka upande wa pili ili katikati pasibaki tupu, pamba ncha, nyunyiza sukari ya unga na upeleke mezani. Kanoli iliyojazwa ina saa moja nzuri, labda mbili.

Juu ya hatua hii ya mwisho nina ushahidi wangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipopokea oda kubwa, nilijaza kanoli arobaini usiku ili asubuhi nipumzike. Kulipokucha zilikuwa zimelala kwenye sinia kama biskuti zilizosahauliwa ndani ya chai, na ilinibidi nikaange upya maganda yote huku gari la mteja likiwa nje. Baadhi ya wapishi hupaka ndani ya ganda chokoleti iliyoyeyushwa ili iwe kizuizi cha unyevu. Njia hiyo inakuongezea saa chache, lakini hubadilisha ladha, na kwangu ni ya biashara kuliko ya nyumbani. Ukikuta duka ambalo kanoli zimepangwa kwenye kabati la kioo zikiwa tayari zimejazwa, tafuta lile linalojaza mbele yako.

Kutoka mji hadi mji

Ndani ya Sicily kwenyewe hawakubaliani. Palermo hupamba ncha kwa kipande kirefu cha ganda la chungwa lililopikwa kwa shira, na wakati mwingine cheri. Upande wa Catania, mashariki, hupenda kuchovya ncha kwenye pistachio iliyopondwa, na inayosifiwa kuliko zote ni ile ya Bronte, mji ulio kwenye mteremko wa mlima wa volkano Etna. Wanaotaka kula kanoli kubwa hupanda hadi Piana degli Albanesi, mji wa milimani karibu na Palermo ulioanzishwa na wakimbizi wa Kialbania mwishoni mwa karne ya 15, ambao wazao wao bado wanazungumza lugha yao. Kanoli za huko ni kubwa kiasi kwamba moja ni mlo, na rikota yake ni ya kondoo. Ukitaka kuiga, ongeza duara hadi sentimita 14 na utafute mirija mipana zaidi, lakini usiongeze unene wa kinyunya, kwani ganda nene halipasuki vizuri mdomoni.

Mkoani Trapani, magharibi, wana cassatelle, na hizi ndizo ninazompendekezea mtu asiye na mirija. Kinyunya ni karibu kile kile, na rikota ni ile ile yenye sukari na chokoleti. Unakata duara, unaweka kijiko cha mjazo, unakunja nusu kama mwezi, unabana kingo kwa uma na kukaanga. Aliyezoea kufunga sambusa atafanikiwa siku ya kwanza. Hapa jibini inaingia kwenye mafuta, kwa hiyo ikiwa na maji itapasua kinyunya na kurusha mafuta usoni mwako. Ichuje hata zaidi kuliko ya kanoli.

Sardinia ni habari nyingine kabisa. Seadas, chakula cha wachungaji, hutumia jibini mbichi ya kondoo iliyoachwa ichachuke siku chache mpaka ikipata moto inavutika kama uzi. Jibini huchanganywa na ganda la limau lililokwaruzwa, hufungwa kati ya miduara miwili ya kinyunya cha semolina, yaani unga wa ngano wenye chembechembe, hukaangwa, kisha humwagiwa asali iliyopashwa moto. Chumvi ya mbali, uchachu na asali hukutana, na wengi hukishangaa kwa sababu hakina sukari ndani. Wasardinia wenye ujuzi huchagua asali chungu ya mti uitwao corbezzolo. Huliwa hapo hapo, maana ikipoa jibini hukakamaa. Kisiwa hicho hicho kina pardulas za Pasaka, vikapu vidogo vya kinyunya vyenye kingo zilizobanwa kama nyota, vilivyojaa rikota yenye zafarani, navyo huokwa.

Napoli ni nyumbani kwa sfogliatella, yenye mjazo wa rikota, semolina iliyopikwa, mdalasini na matunda ya shira. Masimulizi yanaitoa katika monasteri ya Santa Rosa huko Conca dei Marini, kwenye pwani ya Amalfi, na inahusishwa na mwokaji Pasquale Pintauro wa barabara ya Via Toledo, mwaka 1818. Iko ya matabaka membamba yanayofanana na gamba la kombe, na iko ya kinyunya laini cha kawaida. Anayeanza ajaribu ya pili, kwani ya kwanza inadai kinyunya kivutwe mpaka kiwe kama karatasi, kipakwe mafuta na kuviringwa, kazi ya siku nzima. Abruzzo wana fiadoni za Pasaka, zenye jibini na mayai, nazo kwa kawaida ni za chumvi. Cannoncini za kaskazini mara nyingi huitwa kanoli kimakosa. Zile ni za kinyunya cha matabaka chenye krimu ya mayai, wala hazina jibini ndani.

Mambo yakiharibika

Ganda likijikunjua ndani ya mafuta, ama ute haukushika kwa sababu ukingo ulikuwa na unga mwingi, ama ncha zilipishana kwa chini ya sentimita moja. Pangusa unga, paka ute, bonyeza kwa sekunde tano, kisha tumbukiza ganda upande wa mshono ukiwa chini.

Ganda lisipotoa malengelenge, kinyunya ni kinene, au mafuta hayajafika moto. Likitoka limejaa mafuta, sababu ni hiyo ya pili, au umetia maganda mengi kwa pamoja na joto likashuka. Likiwa jeusi nje na bichi ndani, mafuta yamepita nyuzi 190. Ongeza mafuta mengine baridi kidogo na usubiri.

Mjazo ukiwa mwepesi, urudishe kwenye kitambaa na uuning'inize kwenye friji saa mbili. Usiongeze unga wa mahindi wala sukari zaidi. Sukari itauyeyusha zaidi, na unga utaacha ladha ya dawa. Ukiwa na chembechembe, upitishe tena kwenye chekeche.

Maganda matupu hukaa siku kadhaa kwenye kopo linalofunga vizuri, lakini kwa hewa ya pwani yetu hulegea hata bila rikota, hasa miezi ya mvua. Yatie kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika tano, uyaache yapoe yakiwa wazi, nayo yatarudia ukavu wake. Mjazo utumie ndani ya siku mbili, na usiuache nje ya friji mchana.

Yaliyovunjika wakati wa kuvuta mrija usiyatupe. Yavunje zaidi, uyapange ndani ya bilauri kwa zamu na rikota na maganda ya chungwa. Mikahawa ya Sicily huuza hivyo hivyo kwa makusudi na kuiita kanoli iliyovunjwa, nayo ina faida kwamba kila mtu anaweza kuchanganya yake mezani.